Anayeogopa Kiti cha Daktari wa Meno Aulizwe Kwanza Anaogopa Nini

"Nilaze kabisa, nikizinduka jino liwe limeshatoka." Ombi hili ni la kawaida mno katika vyumba vya matibabu ya meno, na wanaolitoa huwa hawatanii. Wapo waliokaa na jino bovu kwa miaka, wakameza vidonge vya maumivu hadi tumbo likaanza kuwaka, na wapo waliofika mlangoni mara mbili wakageuka na kurudi walikotoka. Anayeomba hivyo hudhani kwamba ameagiza kitu kimoja kinachojulikana, ilhali kati ya kuwa macho kabisa na kulazwa kwa nusu kaputi kuna vidato kadhaa, kila kidato kikiwa na dawa zake, hatari zake na watu kinaowafaa, na huenda haja yake ingetoshelezwa kwenye kidato cha kwanza au cha pili. Ninaona kwamba kosa kubwa katika mjadala wa kuwatuliza wagonjwa wenye hofu ya matibabu ya meno ni kuuanzia kwenye kabati la dawa: ipi kali, ipi nyepesi, ipi humfanya mtu asahau yote. Mjadala huo ungepaswa kuanzia kwenye swali lisilohitaji dawa yoyote, yaani mgonjwa huyu anaogopa kitu gani hasa.

Ukubwa wa jambo lenyewe unapimika. Kipimo cha hofu hii kinachotumiwa katika nchi nyingi kina maswali matano tu. Mgonjwa huulizwa angejisikiaje kama angekuwa anakwenda kutibiwa kesho, kama angekuwa ameketi akisubiri kuitwa, kama jino lake lingekuwa karibu kuchimbwa kwa mashine, kama meno yake yangekuwa karibu kukwanguliwa na kusuguliwa, na kama angekuwa karibu kuchomwa sindano ya ganzi kwenye ufizi. Kila jibu hupewa alama kuanzia 1 hadi 5, kwa hiyo jumla huwa kati ya 5 na 25, na anayefikia 19 au zaidi huhesabiwa kuwa na hofu kali. Katika uchunguzi wa afya ya meno ya watu wazima uliofanywa Uingereza mwaka 2009, ukiiacha Uskoti, asilimia 12 ya watu waliokuwa bado na meno yao walifikia kiwango hicho, na asilimia 36 wengine walikuwa na hofu ya wastani. Kipimo cha awali, alichokitunga Norman Corah mwaka 1969, kilikuwa na maswali manne, na lile la sindano halikuwamo; liliongezwa na Gerry Humphris na wenzake mwaka 1995. Kwa miaka 26 hofu ya kiti cha meno ilipimwa bila kuulizwa habari ya kitu ambacho wagonjwa wengi wangekitaja kwanza. Sisemi hivyo kwa kejeli. Jambo hilo linaonyesha jinsi ilivyo rahisi kwa mtu aliyezoea kushika sindano kusahau inavyoonekana machoni pa anayeisubiri.

Hofu hii pia hujilisha yenyewe. Anayeogopa huahirisha, jino lililohitaji kuzibwa kwa dakika ishirini huoza hadi kwenye mzizi, mwisho mgonjwa hufika akiwa na uvimbe na maumivu, wakati ambapo tiba ni ndefu na ganzi haishiki vizuri, naye huondoka akiwa amethibitishiwa kila alichokiogopa. Juu ya hayo huongezeka aibu. Mtu huona haya kufungua kinywa mbele ya mtaalamu, akitarajia kukaripiwa, na aibu hiyo humweka nyumbani kwa miaka mingine kadhaa. Ndiyo sababu wagonjwa wenye hofu kali huwa ndio wenye kazi nyingi zaidi mdomoni, na daktari anayekutana nao kwa mara ya kwanza hushawishika kumaliza yote kwa mkupuo mmoja wakiwa wamelala. Nauelewa ushawishi huo, lakini sidhani kwamba kila mara una manufaa kwa mgonjwa.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika matibabu ya meno methali hii inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa wengi wa wanaoshtuka waliumwa kweli: walichimbwa jino utotoni kabla ganzi haijashika, wakashikwa mikono na mtu mzima, wakaambiwa wanyamaze. Hofu ya namna hiyo ni kumbukumbu ya maumivu. Lakini kuna hofu nyingine zisizofanana nayo. Yupo anayeogopa sindano popote pale, hata ya mkononi. Yupo asiyestahimili mlio wa mashine na mtetemo wake kwenye fuvu. Yupo ambaye kitu kikigusa ulimi kwa nyuma tu, koo hufunga na kichefuchefu humpanda, naye huamini kwamba atakabwa. Yupo anayeogopa kupoteza uwezo wa kujiamulia, akiwa amelala chali na mtu mwingine amemwinamia, na miongoni mwa hao wamo waliowahi kutendewa ukatili, ambao kwao mkao wenyewe wa kiti ni tishio. Kumpa huyu wa mwisho dawa itakayomnyang'anya fahamu ni kumzidishia kile kile anachokikimbia, wakati kwa yule anayekabwa koo kiasi kidogo tu cha gesi ya kutuliza huweza kumaliza tatizo. Mtu hawezi kuchagua dawa ifaayo kabla ya kuzitenganisha hofu hizi, na kuzitenganisha huchukua dakika kumi za mazungumzo mgonjwa akiwa ameketi wima na vifaa vikiwa vimefunikwa.

Kabla ya kuzitazama dawa zenyewe, pana mkanganyiko mmoja wa kuondoa. Dawa ya kutuliza haiondoi maumivu ya jino linalochimbwa. Kazi hiyo ni ya ganzi, na tangu lidokeini, iliyotengenezwa na Nils Löfgren wa Uswidi mwaka 1943, ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, madaktari wa meno wamekuwa na ganzi ya kutegemewa kwa kazi nyingi. Haishindi kila mahali. Kwenye jino lenye uvimbe mkali mazingira ya tishu huwa na asidi, na ganzi hupungua nguvu hapo hapo inapohitajika zaidi. Kwenye magego ya chini hulazimu kuufikia mshipa wa fahamu ulio ndani zaidi, na hata mkono wenye uzoefu huukosa mara nyingine. Mgonjwa aliyetulizwa lakini ambaye ganzi yake haijashika hahisi amani yoyote. Huhangaika, husukuma mikono ya daktari, na huwa hana maneno ya kueleza kinachomsumbua. Kwa hiyo daktari anayetaka kupunguza haja ya dawa za kutuliza ana njia moja iliyo karibu kuliko zote, nayo ni kuchoma ganzi polepole, kusubiri ishike, na kuijaribu mbele ya mgonjwa kabla ya kuanza kazi. Nusu ya sifa zinazopewa dawa za kutuliza, kwa maoni yangu, ni sifa za muda ambao daktari hulazimika kumpa mgonjwa aliyetulizwa.

Sasa tuingie kwenye kidato cha kwanza. Nitrasi oksidi, inayojulikana zaidi kwa jina la gesi ya kucheka, imefungamana na meno tangu mwanzo wake katika tiba. Tarehe 10 Desemba 1844, mjini Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria maonyesho ambapo watu waliivuta gesi hiyo kwa kujifurahisha, akamwona mmoja wao amejiumiza mguu bila kuhisi chochote. Siku iliyofuata aliivuta mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Januari 1845 alikwenda Boston kuionyesha mbele ya wanafunzi wa udaktari. Mgonjwa alilia jino lilipovutwa, na Wells akazomewa kama laghai. Mwaka uliofuata etha, dawa nyingine ya kuvutwa, iliyotolewa na daktari wa meno William Morton, ilifanikiwa katika mji ule ule, na sifa zikahamia huko. Kisa hiki husimuliwa kama cha mtu aliyekosa bahati, lakini mimi hukisoma kama maelezo sahihi ya tabia ya gesi yenyewe. Ni dawa dhaifu. Katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, hata ikivutwa peke yake haiwezi kumfikisha kila mtu kwenye usingizi wa upasuaji, na waliolazimisha usingizi huo katika karne ya 19 kwa kuitoa bila hewa walikuwa, kwa sehemu, wakiwanyima wagonjwa oksijeni. Edmund Andrews wa Chicago ndiye aliyependekeza mwaka 1868 ichanganywe na oksijeni.

Udhaifu huo uliomwangusha Wells ndio unaoipa gesi hii nafasi yake leo. Mashine za kisasa zimetengenezwa zisiweze kutoa mchanganyiko wenye oksijeni chini ya asilimia 30, ambayo ni zaidi ya ile iliyomo katika hewa tunayoivuta kila siku, na watu wengi hutulia gesi ikiwa kati ya asilimia 30 na 50. Daktari huipandisha kidogo kidogo akimsikiliza mgonjwa, ambaye huanza kuhisi joto, wepesi na kuwashwawashwa vidoleni baada ya dakika chache. Kazi ikiisha, huvutishwa oksijeni tupu kwa dakika tano hivi, gesi ikatoka kwa njia ile ile ya pumzi, na mtu mzima kwa kawaida huweza kuondoka bila msindikizaji. Hakuna sindano. Koo hulegea. Mgonjwa hubaki na fahamu zake, hujibu akiulizwa, na hukumbuka sehemu kubwa ya yaliyotokea. Hili la kukumbuka nitalirudia, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na wengi.

Mipaka yake ipo. Huvutwa kwa kofia ya puani, hivyo mwenye mafua au pua iliyoziba hafaidiki, na asiyevumilia kufunikwa pua huongezewa hofu badala ya kupunguziwa. Haipewi kwa kawaida mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza, wala aliyefanyiwa karibuni upasuaji wa jicho ulioacha kiputo cha gesi ndani, kwa kuwa nitrasi oksidi huingia kwenye kiputo hicho na kukitanua, jambo linaloweza kupofusha. Huivuruga pia vitamini B12 mwilini, na kwa sababu hiyo wanaofanya kazi katika chumba kisicho na mfumo wa kuifyonza hewa iliyotumika hujiweka hatarini zaidi kuliko mgonjwa wa saa moja. Zaidi ya yote, inahitaji sauti ya daktari. Anayeifungulia gesi kisha akanyamaza na kushika mashine atagundua kwamba amempa mgonjwa wake kizunguzungu tu.

Kidato cha pili ni vidonge, na hapa ninakiri kwamba sina shauku kubwa kama wengine. Dawa za jamii ya benzodiazepini, yaani zile za kupunguza wasiwasi na kuleta usingizi, kama diazepamu, lorazepamu, temazepamu na triazolamu, ni rahisi kupatikana, hazihitaji mashine, na mgonjwa huzimeza bila kuchomwa. Kidonge kimoja cha kumsaidia mtu kulala usiku wa kuamkia matibabu kina maana yake, kwa sababu aliyekesha akiwaza hufika akiwa amekwisha kushindwa. Lakini kidonge kinachotegemewa kuwa ndicho kitulizo cha kazi yenyewe kina kasoro isiyoondoleka: kikishamezwa hakirudishwi wala hakirekebishwi. Daktari hukisia kipimo, husubiri dakika thelathini hadi sitini au zaidi, na matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu kulingana na umri, ini, chakula kilichomo tumboni na dawa nyingine. Anayeona kwamba hakijafanya kazi hushawishika kuongeza cha pili, kisha vyote viwili vikafikia kilele chake mgonjwa akiwa kitini au, vibaya zaidi, akiwa njiani kurudi nyumbani. Diazepamu hubaki mwilini kwa zaidi ya siku nzima, na kwa wazee kwa muda mrefu zaidi. Kuna pia mtego ambao wagonjwa wa meno huuingia kwa urahisi: erithromaisini na klarithromaisini, antibiotiki ambazo mwenye jipu la jino huweza kuandikiwa hasa akiwa na mzio wa penisilini, huzuia ini lisivunje triazolamu na midazolamu, dawa nyingine ya jamii hiyo, na maji ya balungi hufanya vivyo hivyo kwa dawa hizo zikimezwa. Mtu huyo akipewa kipimo cha kawaida anaweza kulala kuliko ilivyokusudiwa. Na wapo wachache, hasa watoto na wazee, ambao dawa hizi huwageuza, wakawa wakali na wasiotulizika.

Kidato cha tatu, midazolamu inayopitishwa kwenye mshipa wa damu wa mkono, hutibu kasoro ile ya kukisia. Huingizwa kwa viwango vidogo, daktari akingoja na kutazama baada ya kila kimoja, hadi maneno ya mgonjwa yaanze kulegea na mabega yashuke, hapo husimama. Kwa anayeogopa sindano ya ufizi inashangaza kuambiwa kwamba njia ya kuikwepa ni sindano ya mkononi, lakini watu wengi huikubali ya mkononi, na wasioikubali huweza kutulizwa kwanza kwa gesi au kupakwa dawa ya ganzi juu ya ngozi. Dawa ya kuibatilisha, flumazenili, ipo na lazima iwe ndani ya chumba, ingawa hudumu muda mfupi kuliko midazolamu yenyewe, kwa hiyo aliyezinduliwa nayo anaweza kuzama tena asipotazamwa. Mgonjwa haendeshi gari, hasaini mkataba, halei mtoto peke yake hadi kesho yake, na haruhusiwi kuondoka bila mtu mzima wa kumsindikiza. Ipo pia sababu isiyozungumzwa sana ya kanuni kwamba mtoa dawa asibaki peke yake na mgonjwa. Midazolamu imeripotiwa kuleta ndoto za kimapenzi ambazo aliyezinduka huweza kuzishika kama ukweli, na kwa upande mwingine mtu asiyeweza kujitetea anastahili shahidi. Msaidizi chumbani huwalinda wote wawili.

Sifa inayoifanya dawa hii ipendwe kuliko zote ni usahaulifu. Mgonjwa hujibu maswali, hugeuza kichwa anapoambiwa, hufungua kinywa, kisha baadaye hakumbuki takriban chochote, naye huwasimulia watu kwamba alilala fofofo. Wengi huona huo kuwa ushahidi kwamba tiba ya hofu imepatikana. Mimi naona kwamba umepatikana ukimya wa siku moja. Hofu iliyojengwa na tukio hubomolewa na matukio mengine yanayoikanusha: nilikaa, sindano ilipita, mashine ililia, sikuumia, nikaondoka kwa miguu yangu. Akili inahitaji kuyaandika hayo ili iyatumie siku nyingine, na midazolamu huichukua kalamu. Mgonjwa aliyezibiwa meno sita bila kumbukumbu hurudi baada ya miaka miwili akiwa na meno mazuri na hofu ile ile, akiomba dawa ile ile, na sasa haamini kwamba anaweza bila hiyo. Kuna wagonjwa ambao kwa miaka mingi hawajapata hata kung'arishwa meno wakiwa macho, ingawa hakuna jambo lolote baya lililowapata tangu walipoanza kutulizwa, kwa sababu hakuna lililowapata ambalo wanalikumbuka.

Hoja hii isivutwe kupita mahali pake. Anayeng'olewa magego ya mwisho yaliyozama ndani ya taya, kazi inayofanyika mara moja katika maisha, hana somo lolote la kujifunza pale; asahau na apone. Aliyefika usiku na uvimbe unaoelekea kwenye shingo hawezi kuambiwa aanze safari ya kuizoea hofu yake kwa hatua. Ninachokipinga ni kuigeuza dawa ya dharura kuwa ya kila ziara, bila mtu yeyote kuuliza itaachwa lini. Na usahaulifu una gharama nyingine ya papo hapo, kwamba maelekezo anayopewa mgonjwa baada ya kazi, kama vile asisukutue kwa nguvu au ameze dawa saa ngapi, humwagika yote. Yaandikwe, na apewe anayemsindikiza. Vivyo hivyo ridhaa ya matibabu ipatikane kabla dawa haijaingia, ikiwezekana siku iliyotangulia.

Usalama wa dawa hizi hutegemea kitu ambacho wagonjwa hawakioni, yaani kwamba vidato havina kuta kati yake. Kutulizwa kidogo, kutulizwa kwa wastani, kulala kwa kina na nusu kaputi ni mteremko mmoja, na mtu huweza kuteleza kutoka kimoja hadi kingine kwa kipimo kile kile kilichomfaa jirani yake. Ndiyo maana alama inayotumiwa kutenganisha kutulizwa na kulala ni mazungumzo: maadamu mgonjwa anajibu kwa maneno au kwa kutii anachoambiwa, njia yake ya hewa inajilinda yenyewe, akiacha kujibu, kazi imesimama iwe daktari anataka au hataki. Katika kinywa jambo hili ni zito kuliko kwingineko, kwa sababu maji ya mashine, damu na vipande vya jino viko hatua moja kutoka kwenye koo. Mwenye unene mkubwa, anayekoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, mwenye ugonjwa wa mapafu na anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni wanahitaji kufikiriwa upya kabisa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo lake zito kuliko yote liwekwe kwenye dawa za afyuni na za benzodiazepini kwa sababu zikitumiwa pamoja huweza kusimamisha pumzi. Pombe iliyonywewa asubuhi ili kujipa moyo huingia kwenye hesabu hiyo hiyo, na mgonjwa asiyeulizwa kwa upole hataisema.

Kwa watoto tahadhari huongezeka, kwa kuwa njia yao ya hewa ni nyembamba na huteremka mteremko huo haraka. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2019 kuhusu kuwalaza watoto kwa kina katika vituo vya meno inasisitiza kwamba anayetoa dawa na kumtazama mtoto awe mtaalamu mwingine, asiwe yule yule anayetibu jino. Sioni kwa nini mzazi asiulize swali hilo moja popote alipo: nani atakuwa anamtazama mwanangu wakati wewe unatazama jino? Jibu la kusitasita linatosha kuwa jibu.

Nusu kaputi, yaani kile alichokiomba mgonjwa wetu wa mwanzo, ina mahali pake. Mtoto mdogo sana mwenye meno mengi yaliyooza, mtu mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kuelewa kinachofanyika, na upasuaji mkubwa wa taya ni mifano isiyobishaniwa. Uingereza, ambako kwa miongo mingi watu walilazwa kwa nusu kaputi kwenye viti vya kawaida vya madaktari wa meno, ilikomesha jambo hilo: tangu kuanza kwa mwaka 2002 hufanyika hospitalini tu, palipo na uwezo wa kumwokoa mtu akizidiwa. Hata huko haifundishi lolote. Mtoto aliyeng'olewa meno manane akiwa amelala huamka na kinywa kinachouma na hana habari ya daktari wa meno ni nani.

Kinachosahaulika katika mjadala mzima ni tiba inayoilenga hofu yenyewe. Ripoti ya kliniki moja ya King's College London, iliyochapishwa mwaka 2015, ilifuatilia wagonjwa 130 wenye hofu ya meno waliopelekwa kwenye tiba ya mazungumzo, ile inayorekebisha fikra na mwenendo kwa hatua ndogo. Asilimia 79 waliishia kutibiwa meno bila dawa yoyote ya kutuliza, na asilimia 6 walitibiwa kwa kutulizwa. Tiba hiyo haikuwa ya miaka. Ilikuwa ya vikao vichache, vitano kwa wastani. Pingamizi la kwanza ni kwamba wataalamu wa tiba hiyo ni wachache, na ni pingamizi la kweli. La pili, kwamba maumivu hayangoji vikao vitano, nimekwisha kulikubali. Lakini sehemu kubwa ya tiba hiyo haihitaji mwanasaikolojia. Kuonyesha kifaa kabla ya kukitumia, kueleza kitakavyosikika, kugawa kazi ndefu katika ziara fupi, kukubaliana ishara ya kusimamisha kazi na kuiheshimu mara ya kwanza inapotolewa, yote haya yamo ndani ya uwezo wa daktari yeyote wa meno mwenye subira.

Kwa hiyo mpango ninaouunga mkono huchanganya vyote viwili kwa utaratibu wa kushuka. Dharura ya kwanza imalizwe kwa dawa inayotosha, hata ya mshipani. Ziara ya pili isiwe na matibabu, mgonjwa aje akae, kiti kilazwe na kuinuliwa, kioo kiingie mdomoni na kutoka. Katika ziara ya tatu kazi nyepesi ifanyike kwa gesi, na katika ya nne kwa gesi iliyopunguzwa, hadi ibaki oksijeni peke yake kisha kofia iondolewe. Katika jalada iandikwe kila mara nini kiliogopwa, nini kilitumika na nini kitajaribiwa ziara ijayo, ili daktari mwingine akimpokea mgonjwa huyo asianze tena kwenye mshipa. Wapo watakaokwama njiani, na kwa hao kurudi kidato kimoja juu si jambo la kuonewa haya.

Ama yule aliyesema alazwe kabisa, akiulizwa anaogopa nini na akapewa nafasi ya kumaliza sentensi yake, huenda akasimulia siku moja tu, miaka mingi nyuma, ambapo ganzi haikushika naye akapiga kelele na aliyeshika mashine hakusimama. Kwake sindano ya ganzi ichomwe, dakika zipite, ufizi uguswe kwa ncha pande zote mbili za jino hadi akiri mwenyewe kwamba hahisi, na mkono wake mmoja uachwe huru juu ya mapaja, autumie atakapotaka mashine izimwe.